Familia za Wageni Goma: Maisha Yasiyo na Tarehe ya Kurudi

Kwa miaka mingi, Ijumaa alasiri ilikuwa na sura yake kwenye Grande Barrière, mpaka wa Goma na Gisenyi ulio kando ya Ziwa Kivu. Magari meupe yenye nembo za mashirika yalisimama upande wa Kongo, watu wakashuka na mabegi mgongoni, wakapanga foleni ya pasipoti, kisha wakavuka kwa miguu hadi Rwanda. Hawakuwa watalii. Wengi wao walikuwa baba na mama waliofanya kazi Goma kuanzia Jumatatu, huku wenzi na watoto wao wakiishi ng'ambo, mwendo mfupi tu kutoka ofisini. Wengine walikuwa na safari ndefu zaidi, saa tatu na zaidi za kona na milima hadi Kigali, ambako familia zilipanga nyumba karibu na shule za watoto. Jumapili jioni foleni iligeuka, watu wakarudi kazini.

Anayetaka kuelewa maisha ya familia ya mgeni katika mji mkuu wa Kivu Kaskazini na aanzie hapo mpakani. Kwa wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa wanaotoka nchi nyingine, Goma imekuwa kituo kisicho cha familia: unakuja peke yako, mke au mume na watoto wanabaki mahali pengine. Mashirika mengi yasiyo ya kiserikali yanafuata desturi hiyo hiyo. Sababu haihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyeishi Goma. Mji una mlima wa moto upande wa kaskazini, ziwa lenye gesi upande wa kusini, na vita vya zaidi ya miaka 30 vijijini kote kuuzunguka.

Hata hivyo watu wana ndoa, wana watoto, na kazi haingoji. Kwa hiyo familia zilitafuta njia. Baadhi zilihamia Gisenyi, mji tulivu wenye ufukwe na barabara za lami. Baadhi zilikaa Kigali, Nairobi au Entebbe, na mzazi akawa anazifuata kila baada ya majuma kadhaa, mapumziko ya lazima yanapofika. Na wapo wasiobanwa na kanuni hizo, waliokuja na watoto na kuishi nao Goma penyewe: wamisionari, wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kilebanoni, watu waliooa au kuolewa na Wakongo, na wataalamu wa Afrika Mashariki walioletwa na biashara. Benki ya Equity ya Kenya iliingia Kongo mwaka 2015, KCB ikafuata mwaka 2022, na mwaka huo huo Kongo yenyewe ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtu wa Nairobi au Mwanza akipangiwa Goma anakuta Kiswahili sokoni, ingawa chenye lafudhi na maneno yake, na anajiona nusu yuko kwao.

Wageni walivyoujaza mji

Goma haikuwa hivi daima. Kabla ya mwaka 1994 ilijulikana kwa hali yake ya hewa ya ubaridi, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa biashara ya kahawa, na kwa watalii waliopanda milima ya Virunga kuwaona masokwe. Rais Mobutu alikuwa na jumba lake kando ya ziwa. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, ndiyo ya kwanza kabisa ya aina yake barani Afrika.

Julai 1994 ilibadilisha kila kitu. Katika siku chache za katikati ya mwezi huo, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, Wanyarwanda wanaokadiriwa kati ya laki nane na milioni moja walivuka mpaka na kuingia Goma na viunga vyake. Walilala barabarani, uwanjani, makaburini. Ardhi ya mawe ya volkano haikuchimbika vyoo wala makaburi, maji safi hayakuwepo, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu ya watu katika majuma machache. Mashirika ya misaada yalimiminika kutoka kila pembe ya dunia. Yalikuja kwa dharura ya miezi, lakini vita vya Kongo vya 1996 na 1998 vikayabakisha. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ukaunda ujumbe wa kulinda amani, MONUC, ambao mwaka 2010 uligeuzwa kuwa MONUSCO, na Goma ikawa kituo chake kikuu cha mashariki.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji, Karen Büscher na Koen Vlassenroot, waliandika mwaka 2010 juu ya alama zilizoachwa na wageni hao mjini. Walionyesha jinsi kodi za nyumba zilivyopanda, jinsi maeneo ya kando ya ziwa yalivyojaa ofisi na makazi ya mashirika, na jinsi uchumi mzima wa hoteli, migahawa, maduka na ulinzi ulivyojengeka kuwahudumia. Mwenye kiwanja Himbi au mtaa wa Les Volcans alijenga ghorofa akijua mpangaji atalipa kwa dola. Mwenyeji asiye na dola alisukumwa juu, kuelekea Majengo, Ndosho na Mugunga, kwenye nyumba za mbao zilizosimama juu ya lava iliyoganda.

Nyumba nyuma ya ukuta mweusi

Nyumba ya mgeni Goma inatambulika kwa ukuta wake. Umejengwa kwa mawe meusi ya volkano, umeunganishwa kwa saruji nyeupe, juu yake waya wa wembe. Mlangoni kuna geti la chuma lenye kidirisha kidogo, na nyuma ya kidirisha kuna sentinele. Ndivyo mlinzi anavyoitwa Goma. Kazi yake si kufungua geti tu. Ndiye anayejua kama maji yamekatika, kama jirani amefiwa, kama barabara ya kwenda mji jirani wa Sake imefungwa na kama milio ya usiku ilikuwa ya risasi au ya fataki za harusi. Familia ngeni inayodumu Goma hujifunza mapema kumwuliza sentinele kabla ya kusikiliza redio.

Siku inaanza na maji. Ziwa Kivu limejaa hatua chache kutoka mjini, lakini bomba halifiki kila nyumba wala halitoki kila siku. Kwenye nyumba ya mgeni kuna tangi, na lori linapita kulijaza. Nje ya ukuta, wanawake na watoto wanapanda kutoka ziwani na bidoni za njano za lita 20 mgongoni, kamba ya mzigo ikipita kwenye paji la uso. Mahali pa kutekea mara nyingi husimama mtu mwenye bomba la sindano anayetia klorini katika kila bidoni, kwa sababu kipindupindu hakijawahi kuuaga mji huu. Mtoto wa kigeni anayepelekwa shule kwa gari huwaona watoto wa rika lake kwenye mteremko huo kila asubuhi, na maswali anayouliza jioni mezani huwa magumu kwa wazazi wake.

Umeme zamani ulikuwa ngurumo ya jenereta kuanzia magharibi. Miaka ya karibuni hali imebadilika. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe, chenye megawati 13, kilijengwa na Hifadhi ya Virunga na kuanza kazi katikati ya muongo uliopita, na mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikafungua mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini. Jokofu likaanza kufanya kazi mchana na usiku.

Sokoni, mgeni hujifunza kwanza habari za dola. Goma inauza na kununua kwa dola za Marekani, na faranga za Kongo hutumika kwa chenji na vitu vidogo. Lakini si kila noti ni noti. Muuzaji huipokea, huinyoosha kwa vidole viwili, huiinua kwenye mwanga, kisha huifuata ukingo wote kwa ukucha. Mchaniko wa milimita mbili, doa la wino, tarehe ya zamani, basi noti inarudishwa mkononi mwa mwenyewe. Dola ishirini iliyochanika kidogo, ambayo New York ingenunua chakula bila neno, Goma huuzwa kwa hasara kwa wabadilisha fedha wa mtaani. Familia zilizotoka likizo huja na noti mpya zilizowekwa ndani ya kitabu zisikunjike.

Chakula hakina shida kwa anayekubali kula cha mji. Viazi na kabichi vinashuka kutoka vilima vya Masisi na Rutshuru, sombe, yaani kisamvu, inatwangwa kila mtaa, na jibini ya Masisi, mviringo wenye ganda la manjano, inauzwa nzima au nusu. Juu ya vyote kuna sambaza, visamaki vya kidole kimoja vilivyoletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuzaana hadi kuwa mboga ya kila nyumba. Jioni wavuvi hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja ubavu kwa ubavu, miti mirefu ya kushikia wavu ikichomoza mbele na nyuma, taa zikining'inia juu ya maji. Wanapiga makasia kwa wimbo, mmoja akianza na wengine wakiitikia. Alfajiri samaki wako kwenye soko la Kituku, na kabla ya jua kuwa kali wameshakaangwa.

Mizigo mizito inabebwa na chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, yenye usukani mpana na magurudumu ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Inabeba mkaa, viazi, mbao, kilo mia kadhaa kwa safari moja. Mji umeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na watoto wa kigeni wengi wamerudi kwao na chukudu ndogo ya kuchezea iliyochongwa na fundi wa mtaani.

Hewa isiyoonekana

Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, na kwa mzazi anayetoka Mwanza au Kisumu hiyo ni faraja kubwa. Watoto wanaogelea. Lakini wenyeji humfundisha kila mgeni jambo moja ambalo hakulijua: mazuku. Ni hewa ya ukaa inayotoka kwenye nyufa za ardhi ya volkano magharibi mwa mji na kandokando ya ziwa. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutulia chini, kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujavuma. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbwa au mtoto wa miaka mitatu anaanguka na kufa katika dakika chache. Mama wa Kikongo anayelea watoto wa wageni huonyesha kwa kidole: hapa mnacheza, pale kwenye bonde hamkanyagi, hata mpira ukiangukia huko. Kuku aliyekufa au mjusi aliyelala chali ni alama tosha ya kugeuza njia.

Malezi ya aina hii hayamo katika kitabu chochote cha mwajiri. Yanatoka kwa watu wa nyumbani: sentinele, mpishi, dereva, na mama anayeshinda na watoto. Hao ndio wanaomfundisha mtoto wa Mdenmark au wa Mkenya kusema «aksanti» na «minaenda», kula bugali kwa mkono wa kulia, na kumwita kila mwanamke mtu mzima «mama» kwa heshima. Usiku, mzazi anapojibu redio ya usalama na kutaja kwamba watu wake wote wako ndani, mji wa nje tayari umo katika nyumba hiyo kupitia hao.

Vizuizi vinabaki vingi. Mashirika yana saa ya kuingia ndani, yanakataza wafanyakazi kupanda pikipiki za abiria, yanazuia kutembea kwa miguu baada ya giza. Mpaka nao una hali yake. Juni 17, 2022, baada ya askari wa Kongo kuvuka Petite Barrière, kivuko kingine cha mpaka huo, akifyatua risasi na kuuawa upande wa Rwanda, mamlaka za Kivu Kaskazini ziliamua mpaka ufungwe kila siku saa tisa alasiri. Kwa mfanyabiashara mdogo anayevuka na nyanya kichwani, huo ulikuwa msiba wa kipato. Kwa mzazi aliyelaza watoto Gisenyi na kufanya kazi Goma, ulikuwa mwisho wa utaratibu wa kurudi nyumbani jioni.

Siku ya kurudi haipangwi

Mahali pengine, familia iliyo ugenini huhesabu miezi ya mkataba, huuza fanicha, hufanya karamu ya kuagana. Goma mara nyingi imeamua yenyewe.

Julai 1960 ni mfano wa kwanza. Kivu ilikuwa kipenzi cha walowezi wa Kibelgiji, na familia zao zilikuwa na mashamba ya kahawa na pareto, nyumba za mawe na bustani kando ya ziwa, pamoja na watumishi waliozifanyia kila kazi. Uhuru ulikuja Juni 30. Siku tano baadaye askari wa Force Publique, jeshi lililorithiwa kutoka ukoloni, waliasi, na hofu ikaenea nchi nzima. Familia za mashariki zilifunga mizigo usiku na kukimbilia Ruanda-Urundi, Uganda na Kenya kwa magari. Shirika la ndege la Sabena lilisafirisha maelfu ya watu kutoka Kongo mwezi huo peke yake.

Januari 17, 2002, Nyiragongo, mlima wa moto wa Goma, ilipasuka ubavuni. Lava iliteremka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikaingia ziwani. Watu karibu laki nne walikimbia, wengi wakielekea Gisenyi, na zaidi ya laki moja walikuta hawana nyumba tena. Wenyeji walirudi baada ya siku chache tu, lava ikiwa bado ya moto chini ya viatu, wakaanza kujenga juu yake. Familia nyingi za wageni hazikuwa na haraka hiyo.

Novemba 20, 2012, waasi wa M23 waliingia mjini na kukaa hadi Desemba 1. Mei 22, 2021, Nyiragongo ililipuka tena. Siku tano baadaye, matetemeko yakiwa hayaishi, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru mitaa kumi ihamwe mara moja, na malaki ya watu wakaondoka kuelekea Sake, Rwanda na Bukavu kwa miguu, kwa pikipiki na kwa meli. Wakati huo ndipo ilipodhihirika kwa nini nyumba za wageni huweka begi karibu na mlango: pasipoti, dawa, chaja, noti chache safi, nguo za mtoto za siku tatu.

Mara ya karibuni imekuwa nzito kuliko zote. Januari 25, 2025, mapigano yakiwa yamefika Sake, Umoja wa Mataifa ulianza kuwahamisha wafanyakazi wasio wa lazima. Januari 27 M23 wakaingia Goma. Hospitali zilijaa majeruhi, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa. Wageni waliokuwa bado mjini walivuka mpaka na kushika njia ya Kigali. Wengi waliondoka na begi la mlangoni tu. Vitabu vya watoto vilibaki rafuni, paka kwa jirani, na funguo kwa sentinele.

Waliochagua kubaki

Historia ya eneo hili ina pia watu ambao kwao neno kurudi lilibadilika maana. Rosamond Carr, Mmarekani, alikuja Kivu na mumewe mwaka 1949. Ndoa ilivunjika, yeye akabaki na kulima maua na pareto Mugongo, upande wa Rwanda, juu ya Gisenyi. Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, aliokolewa na wanajeshi wa Ubelgiji na kupelekwa nje. Alikuwa na miaka zaidi ya 80, na kila mtu alidhani safari yake imekwisha. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi na kufungua kituo cha watoto yatima, Imbabazi. Alifia Rwanda mwaka 2006.

Goma penyewe inamkumbuka Lyn Lusi. Alitoka Uingereza miaka ya 1970 kuja kufundisha, akaolewa na daktari wa upasuaji wa mifupa Mkongo, Jo Lusi. Mwaka 2000 wawili hao walianzisha kazi ya tiba iliyokuja kuitwa HEAL Africa. Lava ya 2002 iliiteketeza hospitali yao, nao wakaijenga upya, na ikawa kimbilio la maelfu ya wanawake waliojeruhiwa na ubakaji wa vita. Mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Opus, yenye thamani ya dola milioni moja, kwa ajili ya kazi hiyo. Alifariki Machi 2012 Goma. Kwa familia kama yake, nyumba ya Goma haikuwa kambi ya kupita.

Nyumbani ambako si nyumbani

Lakini wengi hurudi, na kurudi kuna maumivu yake. Mwaka 1963 watafiti wa Marekani John na Jeanne Gullahorn walieleza kwamba mtu aliyekaa ugenini hupitia mshtuko mara mbili: mara ya kwanza anapofika, mara ya pili anaporudi kwao. Mara ya pili humkuta hajajiandaa, kwani anadhani anarudi mahali anapopajua. Mwanasosholojia Ruth Useem, aliyeanza kuchunguza familia za Wamarekani nchini India miaka ya 1950, aliwaita watoto wa familia hizo watoto wa utamaduni wa tatu: si wa nchi ya wazazi wao kikamilifu, si wa nchi walikokulia, bali wa mahali pa tatu ambapo ni wao na wenzao tu wanaopaelewa.

Mtoto aliyetoka Goma hubeba mambo ambayo wenzake wa Oslo au Nairobi hawayajui. Anatofautisha mlio wa tairi na mlio wa bunduki. Anaogopa mabonde. Anahifadhi maji bila kuambiwa. Akiulizwa anatoka wapi hunyamaza kwanza. Na mara nyingi anaulizia watu: mama aliyemlea yuko wapi, kwa nini hakuja naye, nani anampa chakula mbwa. Wazazi walioondoka ghafla hawana jibu jepesi, kwa sababu mtoto hakupata kuaga. Washauri wa familia za aina hii husisitiza kuaga kwa majina na kwa mikono, na pale iliposhindikana, kuaga kwa simu au kwa barua, hata miezi kadhaa baadaye.

Wanaobaki na funguo

Upande wa pili wa kurudi huko ni watu wa Goma wenyewe. Januari 20, 2025, wiki moja tu kabla mji haujaanguka, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mwaka uliotangulia Marekani ilikuwa imelipia takribani asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Miradi ikafungwa, ofisi zikarudisha funguo kwa wenye nyumba, na mishahara ya madereva, wapishi, walinzi na wakalimani ikakatika mji ukiwa hauna benki wala ndege. Mwenye nyumba wa Himbi aliyezoea kodi ya dola alibaki na vyumba vitupu. Mama aliyelea watoto wa wageni watatu kwa zamu alirudi kuuza mandazi, kama alipata unga.

Sheria haiwasahau watu hawa. Kanuni ya Kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya Oktoba 16, 2002, inawahusu pia wafanyakazi wa nyumbani. Mwajiri anayevunja mkataba usio na muda maalumu anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 za kazi kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Aliyemtumikia mgeni miaka mitano basi ana haki ya siku 49 za kazi, au malipo yake. Juu ya hapo kuna likizo isiyotumika na deni lolote la mshahara, ambavyo kwa pamoja Goma huviita décompte final. Na kuna cheti cha utumishi kinachotaja aina ya kazi, siku ya kuanza na siku ya kumaliza.

Mgeni anayeondoka usiku kwa hofu hayafanyi haya, na si kwa ubaya daima. Wapo waliolipa wakiwa tayari Kigali au Ulaya, kwa M-Pesa na Airtel Money, huku sehemu ya fedha ikiliwa na tozo za mawakala kwa kuwa noti zimekuwa adimu. Wapo walionyamaza. Familia inayopokelewa leo katika mji kama huu inaweza kumaliza jambo hili mwezi wa kwanza: mkataba wa maandishi kwa kila mfanyakazi, michango yake kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, nambari yake ya simu ya kupokea fedha mikononi mwa ndugu aliye nje ya mji, akiba ya décompte iliyotengwa kando, na cheti cha utumishi kinachoandikwa upya kila mwaka na kuachwa kwake. Kikiwa na saini, sentinele anaweza kukipeleka kwa mwajiri mwingine asubuhi inayofuata, hata kama nyumba aliyoilinda haina mtu.